Ukungu wa Mzee Alama

Mji wenyewe ulikuwa mdogo, wa kaskazini, umejibanza kati ya bahari baridi na malisho ya kondoo. Majira ya joto huko hufika yamechelewa na kuondoka mapema, kama mgeni aliyekuja kwa kulazimishwa. Mji ungekwisha kusahaulika kama si njia zake za miguu, zilizopita juu ya magenge ya miamba kando ya bahari, zikashuka hadi kwenye vighuba vya kokoto, kisha zikapanda tena. Watu walitoka mbali, mabegi mgongoni, kuja kujichosha kwa hiari yao. Wenyeji hawakuielewa raha hiyo, lakini waliwauzia chai na wakanyamaza.

Ili mtu asipotee ukungu ukishuka, njia zile ziliwekewa alama: doa jeupe la rangi, kubwa kama kiganja, jiwe hata jiwe. Aliyezipaka tangu ujana wake alikuwa mtu mmoja, na jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika; kila mtu alimwita Mzee Alama. Alipostaafu, halmashauri ilimpa kazi hiyo kitindamimba wake, mwanamke mwenye miguu mirefu na subira fupi. Mzee naye akastaafu kama wanavyostaafu wazee wa aina yake, yaani hakustaafu. Kila asubuhi alitoka na kopo lake dogo la rangi, brashi mfukoni mwa koti, akisema anakwenda kurekebisha mawili matatu.

Mkewe alimsindikiza hadi mlangoni na maneno yaleyale. "Ukungu leo mzito, baba watoto. Shika fimbo." Mzee alishika fimbo. Akimkuta binti yake nje anafunga viatu, alimwuliza kama ukungu bado upo, na binti, bila kuinua kichwa, alijibu kwamba bado. Mji wa ukungu ule, nani angebishana?

Mwaka huo, baada ya mvua za baridi, kipande cha genge kilimeguka kikatumbukia baharini, na njia ya zamani ikaishia hewani. Binti aliihamisha, akaipitisha nyuma ya ukuta wa malisho. Pale pa zamani alifunga kamba, na zile alama nyeupe akazifunika kwa rangi ya kijivu. Jioni akamweleza baba yake mezani. Mzee akasema amesikia, akaomba chumvi.

Haukupita muda, watembeaji wawili, mke na mume, waliingia duka la mikate wakicheka kicheko cha watu walioponea chupuchupu. Walikuwa wamefuata alama nyeupe, wakaruka kamba iliyolazwa na upepo, wakaendelea kufuata, mpaka yule mke alipomwona shakwe, ndege wa baharini, akiruka chini ya viatu vyake. Alama zenyewe, walisema, bado zilinuka rangi. Mwokaji akamsimulia binti huku akimfungia mkate, akitegemea naye atacheka.

Binti hakucheka. Mji mzima ulikuwa na makopo mawili tu ya rangi ile, na moja lilikuwa lake.

Alikwenda akazifunika alama upya na kuikaza kamba, akilivuta fundo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Haikuwa hasira, ilikuwa hofu, tena ya pande mbili. Akimwachia baba ile brashi, ipo siku mtu atakufa. Akimnyang'anya, huenda atakayekufa ni baba mwenyewe, polepole, kitini karibu na dirisha, kama walivyoisha wazee wengine wa mtaa ule. Alimweleza mama yake. Mama alisugua sufuria ambayo ilikwisha takata, akasema, "Mwache baba yako. Ni ukungu tu, mwaka huu umezidi."

Asubuhi iliyofuata binti alipiga moyo konde, akasema leo watafuatana. Mzee alifurahi, akajifanya hakufurahi, akamwonya asimcheleweshe.

Jua lilikuwa limetoka zamani. Siku kama ile katika mji ule hazifiki za kujaza mkono: kondoo wa kilima cha mbali walionekana mmoja mmoja, na mnara wa taa kule rasini ulisimama wazi kabisa. Mzee alitangulia, mwendo wake uleule usio na haraka, akilikwepa kila jiwe legelege na kila tope, akisimulia habari za mbwa aliyewahi kumfuata hadi mji wa pili na kukataa kurudi. Walipofika penye mwinuko, alipumua akasema, "Leo ukungu umekazana kweli."

Binti alitaka kujibu kama siku zote. Safari hii akainua kichwa kwanza. Alitazama huku na huko kutafuta hata wingu moja la kumsaidia, asilione. Ndipo zile asubuhi zote zilipomrudia: yeye ameinama juu ya viatu vyake, baba amesimama juu yake anauliza, na yeye anajibu tu. Moyo ulimuuma kiasi cha kumfanya asimame njiani.

Mzee hakujua kwamba amemwacha binti nyuma. Alifika kwenye ukuta wa malisho, mahali pa kukata kulia kufuata njia mpya, na miguu yake, iliyopita pale maisha yote, ikaenda moja kwa moja bila kumwuliza. Tumbo lake lilikuwa linakaribia kugusa kamba binti alipomfikia na kumshika mkono wa koti.

"Baba, simama. Mbele hakuna njia."

Alisimama. Upepo ulikuwa unatoka chini, unamwingia kwenye miguu ya suruali, na mtu aliyezeekea juu ya magenge anajua upepo wa namna hiyo unatoka wapi. Akarudisha mguu mmoja nyuma.

"Ukungu huu," akasema taratibu.

Binti angeweza kuitikia. Ingekuwa rahisi, na ingekuwa upendo pia, wa aina fulani. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na ile ya pale ilikuwa imeishia kwenye kamba.

"Hakuna ukungu, baba. Jua linawaka."

Mzee aliinua uso. Alikiri kwamba tangu nyumbani alikuwa anasikia joto mashavuni, akawa anajiuliza ni ukungu gani huu wenye joto. Kisha akauliza kuhusu alama, maana hakuwa mjinga: alikuta zimefifia, hazionekani, akazipapasa kwa mkono na kuzipaka upya. Ni zipi hizo alizozipaka? Binti akamwambia yote, hadi na yule shakwe.

Mzee alitafuta jiwe kwa fimbo, akakaa. "Nimewaita watu kifoni," akasema, "kwa mkono wangu."

Binti alipiga magoti pale kwenye nyasi akalia, akamwomba radhi kwa kumjibu kila siku bila kumtazama. Mzee alimpapasa kichwa, akakosea akashika sikio, akauacha mkono wake hapohapo. Alisema anaona haya, na anaogopa. Binti hakuwahi kumsikia akisema neno hilo la pili.

Walirudi mkono wa mzee ukiwa begani kwa binti. Brashi ilibaki mfukoni mwa koti, na binti hakuthubutu kuitaja.

Mama alikuwa jikoni anakoroga supu. Aliposikia mlango alisema kwa mazoea, bila kugeuka, "Poleni na ukungu."

"Mama watoto," mzee akasema, "leo hakuna ukungu."

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria.

"Umejua tangu lini?" mzee akauliza.

"Tangu ulipomwamkia mbuzi wa jirani ukamwuliza hali ya mumewe." Sauti yake ilianza kwa utani ikavunjikia njiani. "Niliogopa. Nilijisemea, ukijua utakaa kwenye kile kiti usiinuke tena. Basi nikausingizia ukungu."

Mzee aliangua kicheko, kikamtoa machozi, na machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha. Binti alisema pengine ni mtoto wa jicho tu, kwamba katika mji wa pili yuko daktari anayewatoa, watakwenda pamoja. Mzee akajipangusa, akasema uzeeni huu kuletewa mtoto mwingine, basi kitindamimba ajue ameshapokonywa cheo. Hakusema atakwenda. Hakusema hatakwenda.

Alipapasa kiti cha mezani akakaa. Si kile cha dirishani.

"Haya, ninyi wenye macho," akasema. "Bahari leo ina rangi gani?"

"Buluu," akasema mama.

"Kijivu," akasema binti, sauti zao zikigongana.

"Na hao ndio wa kuniongoza."

Kisha akaingiza mkono kwenye koti, akatoa brashi. Alizipitisha nywele za brashi katikati ya vidole, kama alivyofanya kila jioni kuhakikisha ni safi, akailaza mezani na kuisukuma taratibu mpaka ikagusa mkono wa binti.

"Kesho anzia pale ukutani," akasema. "Nitakushikia kopo."