Nahodha Alcira Hajafa

Siku redio ilipoikata tamthilia ya "Abiria wa Zohali", mimi nilifurahi. Sitawaficha. Nilikuwa msomaji wa kiwanda cha sigara cha La Constante, mjini Placetas, na huo ulikuwa mwaka wangu wa kumi na saba juu ya lile jukwaa katikati ya ukumbi. Watu mia na arobaini walisokota tumbaku kimya huku mimi nikiwasomea, magazeti asubuhi, riwaya alasiri. Walinichagua wao kwa kura na kunilipa wao wenyewe kila Jumamosi. Kisha mwenye kiwanda akapigilia redio ukutani, juu kidogo ya kichwa changu, na tangu hapo saa tisa mpaka saa kumi haikuwa yangu tena. Ilikuwa ya Nahodha Alcira.

Mimi, Leovigildo Santana, niliyewapitisha watu wale katika vitabu vizito vya mabwana waliokufa zamani, nilishushwa jukwaani na mwanamke wa kubuni anayeruka angani ndani ya pipa la bati. Kila saa tisa nilitoka nje nikanywa kahawa peke yangu, nikisikia vishindo vya chombo chake dirishani.

Jumatatu moja ya Machi, sehemu ya sitini na moja ilimwacha Nahodha Alcira chini ya barafu, kwenye mwezi mmoja wa sayari ya Zohali, hewa imebaki ya saa tatu tu. Jumanne, badala ya vile vishindo, tukasikia mtangazaji akitoa shukrani nyingi. Kampuni ya sabuni ya Nievemar, iliyokuwa ikiugharimia mchezo huo, ilikuwa inawaletea wasikilizaji wapendwa hadithi mpya ya mapenzi. Akina mama wa Cuba, alisema, wanapenda kulia, hawapendi roketi.

"Nani kamwambia mimi napenda kulia?" Zenaida akauliza. Kazi yake ilikuwa kuvisha sigara pete zake za karatasi, na ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko vidole. "Namuuliza mtangazaji huyo, nani kamwambia?"

Eulogio, mwenyekiti wa kamati ya usomaji, akainuka akaizima redio. Nami nikapanda jukwaani na tabasamu ambalo leo nalionea haya, nikafungua riwaya ya bwana mmoja wa Paris.

Kwetu, msomaji akiwafurahisha watu, wanagonga mbao zao kwa ubapa wa kisu cha kukatia majani, na ukumbi mzima unavuma. Akiwaudhi, wanaviacha visu vianguke sakafuni. Kwa miaka kumi na saba hakikuwa kimeanguka hata kimoja kwa ajili yangu. Siku hiyo sikumaliza ukurasa. Kilianguka cha kwanza, kisha cha pili, kisha vyote.

"Si wewe, Mwalimu," Eulogio akasema, akiokota chake. "Lakini huyo bwana wako yuko Paris anakula chakula cha jioni, na mwenzetu kule anakosa hewa."

"Hakuna mtu anayekosa hewa! Huyo mwanamke hajawahi kuwepo!"

"Na huyo wa Paris je, yeye yupo?"

Swali hilo liliniuma kuliko visu. Jumatano ikawa vilevile, na Alhamisi. Ijumaa kamati ilinijia watu watatu, wamevua kofia, jambo ambalo halikuwa dalili njema. Waliniambia wananiheshimu sana. Halafu wakasema: ama niwaletee Nahodha Alcira, ama Jumatatu ipigwe kura ya kutafuta msomaji mwingine.

Kwa hiyo Jumamosi nilipanda basi la alfajiri kwenda Havana nikiwa nimefura kwa hasira. Nilitarajia kumkuta mwandishi mwenye ndevu na kiko. Nikamkuta Ondina Larrazábal, mwanamke mfupi aliyevaa koti jeupe, nyuma ya kaunta ya duka lake la dawa mtaani Luyanó, akipima unga wa mtu mwenye kiungulia.

"Umetoka Placetas kuja kunigombeza?" aliuliza nilipomaliza maelezo yangu.

"Nimekuja kuchukua kilichobaki."

Alimhudumia mgonjwa wake mpaka mwisho ndipo akafungua droo. Chini ya chupa za dawa ya kikohozi palikuwa na sehemu kumi na nane zilizopigwa chapa, kuanzia ya sitini na mbili hadi ya sabini na tisa. Redio ilikuwa imezikataa, alisema, nizichukue.

"Na mwisho?"

"Sijauandika."

"Lakini unaujua."

"Naujua."

"Basi niambie tu, mama. Anapona? Si kwa ajili yangu, wenzangu wameniagiza."

Alinitazama kama anayetafuta homa machoni mwangu. "Watu wa sabuni wameniambia hakuna mtu anayesikiliza," akasema. "Hata mmoja. Siku watakapokuja wao wenyewe kuniomba, nitakaa niandike. Siku hiyo, si kabla. Dawa ya kuzuia kutapika safarini unahitaji? Basi la kurudi linatikisika."

Ndani ya basi nilifungua sehemu ya sitini na mbili kwa ajili ya kazi tu, nijue pa kupumzika na pa kupandisha sauti. Tulipopita Santa Clara nilikuwa kwenye ya sabini. Kituo cha Placetas kilinipita bila mimi kukiona, nikashtuka niko Cabaiguán na kondakta ananidai nauli ya ziada. Nilijiona mjinga. Nikaenda kubisha kwa msomaji wa kiwanda cha hapo, rafiki yangu wa zamani, anilaze hadi asubuhi. Alinicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaomba nimwazime zile karatasi wakati naoga. Nilipotoka bafuni alikuwa hajala wala hasikii anapoitwa.

"Leovigildo," alisema, "huondoki hapa bila kuniachia nakala."

Ndivyo ilivyoanza. Jumatatu kamati iliziona karatasi, ikaahirisha kura na kukubali kungoja nakala ziwafikie wengine. Mke wa Eulogio alikuwa karani mwenye mashine ya kupiga chapa. Alipiga nakala kwa karatasi za kaboni mpaka vidole vikawa vyeusi, na baada ya wiki mbili wasomaji wa viwanda kumi na kimoja, toka Remedios hadi Bejucal, walikuwa na mafungu yao. Tulikubaliana kwa barua kwamba tutasoma sehemu moja kwa siku, sote saa tisa, na pasitokee mtu wa kumtangulia mwenzake.

Jamani, nilisoma! Nilikuwa nahodha, fundi, daktari, na ule mnong'ono wa barafu. Alcira sikumpa sauti nyembamba kama ile ya redioni, nilimpa sauti ya chini, ya mtu anayefikiri. Wanawake waliokuwa wakipita na vikapu vya soko walisimama madirishani, na polisi wa njia panda aliacha njia panda yake. Visu viligonga mbao mpaka mwenye kiwanda akateremka ngazi kuuliza kama kuna mgomo. Saa yangu ilikuwa imerudi, na haikuwahi kuwa tamu namna ile.

Sehemu ya sabini na tisa inaishia Alcira akimpa fundi wake chupa ya mwisho ya hewa, kisha anafumba macho. Nilifunga faili.

"Endelea," akasema Eulogio.

"Hakuna tena."

"Hakuna nini?"

"Haijaandikwa."

Sijawahi kusikia ukumbi ule ukipaza kelele namna ile. Zenaida alichota kiganja kizima cha pete zake za karatasi akanimwagia kichwani. Nikawaacha wachoke, kisha nikageuza ubao niliouegemeza nyuma yangu. "Mwisho uko kwa watu wa sabuni," nikasema. "Anwani yao hii hapa. Wanasema hakuna anayesikiliza." Saa ileile, katika viwanda vingine kumi, wenzangu walikuwa wanageuza mbao zao.

Wasiojua kuandika niliwaandikia mimi, mmoja mmoja, wakati wa chakula. Sheria yangu ilikuwa moja. Maneno yawe ya mwenyewe, na ndani ya bahasha kuwe na karatasi ya kufungia sabuni yao, ili wasiseme tunaoandika si wanunuzi. Ya Zenaida naikumbuka mpaka leo: "Mabwana wa Nievemar, mimi natumia sabuni yenu mwaka wa tisa sasa na inanichubua mikono. Sabuni mbaya nimeivumilia. Sabuni mbaya pamoja na hadithi mbaya sitavumilia. Chagueni moja ya kutengeneza."

Wiki ikapita, ya pili ikapita, Havana kimya. Moto ukaanza kupoa. Hadithi ya mapenzi hatukuifungulia redio, kwa hiyo saa tisa nilisoma riwaya yangu ya Paris, na safari hii hakuna kisu kilichoanguka. Watu walikuwa wamenizoea upya. Jioni moja Eulogio alinisindikiza hadi mlangoni.

"Mwalimu, saa yako umeipata. Watu wametulia. Tuyaache, au vipi?"

Ningesema ndiyo, mambo yangekwisha. Ndicho nilichokitaka mwezi Machi. Lakini nilikuwa nakunywa supu nikimfikiria yule mwanamke amelala kwenye barafu macho yamefumba, na nilikuwa nimekasirika kwa niaba yake. Nilitaka kujua. Sina neno lingine la heshima zaidi la kuweka hapo.

"Waandike tena," nikamwambia. "Wote. Na wake zao, na mama wakwe zao."

Tuliandika mara ya pili na ya tatu. Niliwaandikia wasomaji wenzangu kila Jumapili, na aliyelegea nilimwambia nitamtangaza jina kwenye viwanda kumi. Mwishoni mwa Mei, gari lilisimama nje ya kiwanda, akashuka Bwana Arsuaga wa kampuni ya sabuni, suti ya kitani nyeupe, mkoba mkononi, anatokwa jasho.

Alikuwa muungwana, lazima niseme. Alikiri kwamba wamepokea barua elfu sita na ushee, na kwamba chumba chao cha barua kinanuka tumbaku. Mchezo utarudi. Bi Ondina ameshaombwa, na ameshaanza kuandika. Kulikuwa na sharti moja. Kampuni haiwezi kugharimia redio wakati wasikilizaji wote wanasomewa kiwandani bure. Viwanda vyote kumi na kimoja vikubali kwa kura kwamba "Abiria wa Zohali" haitasomwa tena jukwaani, na saa tisa redio iwe wazi. Vingine kumi vilikuwa vimeshapiga kura na kukubali. Kilibaki chetu, kilichoanzisha vurugu.

Eulogio akasimama. "Anayekubali anyooshe mkono."

Hakuna mkono ulionyooka.

"Tuseme wazi," akasema Eulogio, akimtazama Bwana Arsuaga lakini akisema na mimi. "Tukikubali, tunamnyang'anya Mwalimu saa yake. Na sheria ya kamati mnaijua, saa ikipungua na malipo yanapungua."

"Na sisi tunamtaka yeye," akadakia Zenaida. "Yule mwigizaji wenu wa Havana sauti yake kama mbuzi mwenye mafua."

Ukumbi ukacheka, visu vikagonga. Mia na arobaini walikuwa wananigongea mimi. Bwana Arsuaga akaanza kurudisha karatasi zake mkobani, na kusema kweli moyo wangu ulijaa. Nilisimama pale juu nikaiacha raha ile iniingie. Halafu nikamwona anafunga kifungo cha mkoba.

"Wapumbavu nyinyi!" nikapiga kelele.

Visu vikanyamaza.

"Mnanipenda? Asanteni. Mtanisikiliza nikiwasomea nini? Bwana wa Paris? Nimeshawasomea mara mbili na mwisho wake mnaujua, anafilisika! Mimi nimebeba zile karatasi toka Havana. Nimepitilizwa kituo kwa ajili yake. Mnataka nikae hapa juu na saa yangu mpaka nizeeke, sijui kama yule mwanamke alipata hewa? Nyoosheni mikono!"

Nikanyoosha wangu wa kwanza.

"Msomaji hana kura," Eulogio akasema polepole.

"Basi nyoosha wewe!"

Eulogio akavua kofia, akanyoosha mkono. Zenaida akafuata, akisonya. Wengine wakafuata safu kwa safu mpaka milango ya nyuma.

Redio ilianzia pale ilipoachia, sehemu ya sitini na mbili. Kwa siku kumi na nane za kazi tulisikiliza tuliyokwisha kuyasikia, na mimi sikutoka nje kunywa kahawa. Yule wa Havana alipaparika pote pale nilipokuwa natulia. Zenaida alikuwa akinigeukia kila mara kuniashiria kwamba mimi bora, nami nilikubaliana naye. Jumamosi bahasha yangu ilikuwa nyepesi, kama ilivyotarajiwa, na nikaacha kununua gazeti la pili.

Kisha ikafika siku ya sehemu ya themanini. Nilishuka jukwaani saa tisa kasoro dakika tano, nikajibanza kwenye benchi la wasokotaji, kati ya Eulogio na ukuta. Vishindo vya chombo vikalia. Kikafuata kimya kirefu, upepo wa kule kwenye barafu, na mtu anahema, sikuweza kutambua ni nani.

Eulogio akaniinamia sikioni. "Mwalimu, unadhani ni yeye huyo, au..."

"Nyamaza, Eulogio," nikamwambia. "Hii sijaisoma."