Ishara ya Kofia

Lorna alikuja kushinda na wazazi wake siku hiyo, na Mavis alijua fika binti yake amefuata nini. Alitaka kuona kwa macho yake kama baba yake, Royston, bado anaiweza boti. Ikiwa haiwezi, basi wazee wahamie kwake mjini, na boti, ambayo ndiyo nyumba yao tangu Royston astaafu, iuzwe.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Mvua ya rasharasha, bata wakidai mkate, Royston amesimama tezini, nyuma ya boti, na usukani kwapani, akitaniana na kila aliyetembeza mbwa kando ya mfereji. Mavis alitangulia kwa miguu kufungua malango ya vyumba vya maji, ambamo boti hupandishwa au kushushwa kufuata usawa wa mfereji, ila Lorna hakujua kwamba mama yake alikuwa na kazi nyingine. Kila mara boti yao ilipoingia katika chumba cha maji ili ishushwe, Mavis aligusa kofia yake. Royston akiona, anasogeza boti mbele. Maana nyuma ya chumba, chini ya maji, kuna kizingiti cha mawe. Maji yakishuka na mkia wa boti uko juu yake, mkia unang'ang'ania hapo na pua inazama. Watu wamekufa hivyo. Royston alilijua hilo miaka yote, lakini tangu baridi iliyopita likawa linamtoka akilini.

Wakafika penye malango ya kiwanda cha zamani cha matofali. Boti ilipoingia chumbani, Mavis alizungusha chuma cha kuinulia vibao vya lango la chini, maji yakaanza kutoka. Hapo Lorna akamsogelea, akamwambia taratibu kwamba baba anaonekana mzima kabisa, labda yeye Lorna alikuwa akihangaika bure. Mavis alifurahi, jamani, akamgeukia amjibu. Mkono haukufika kwenye kofia.

Vikombe vilipasukia ndani ya boti. Mavis alipotazama, mkia ulikuwa juu ya mawe na pua imeinama, Royston kakumbatia paa. Akaachia chuma, vibao vikashuka, maji yakakoma kutoka. Akamtupia Lorna chuma hicho, akamwamuru akimbie malango ya juu afungulie maji yaingie, polepole. Lorna alizungusha huku analia. Boti ilitikisika, ikajinasua, ikalala sawa.

"Hukugusa kofia," Royston alimwambia mkewe, kama anayelalamikia chai isiyo na sukari. "Nasubiri, nasubiri, hugusi."

"Kofia gani, mama?"

Uongo ulikuwepo tayari, Mavis hakosi uongo mdogo. Lakini safari hii akamweleza yote. Alitegemea kugombezwa. Lorna alikaa tu juu ya boriti ya lango.

"Na siku ukishikwa na mafua ukalala?" aliuliza.

Mavis akamwachia Lorna kile chuma, akashuka ngazi yenye utelezi mpaka botini.

"Nipe usukani, mzee."

"Wewe? Utatutia vichakani."

"Nipe tu."

Royston akasogea pembeni, akaufuta usukani kwa mkono wa sweta yake kabla ya kumwachia.

"Haya, nahodha. Tunaelekea wapi?"

"Nyumbani."

Royston akacheka, akalipigapiga paa kwa kiganja. "Nyumbani si hapa, bibie?"

Mavis alisukuma boti mbele, mbali na kizingiti, akaishikilia hapo. Lorna akazungusha chuma, maji yakaanza kushuka.