Mgahawa Madhabahuni

Mvua ya Tukuyu haina adabu. Juzi ilinyanyua turubai la Tupokigwe, mama lishe wa Ibighi, ikamwaga maji yote kwenye sufuria la maharage, wateja wakitazama. Alichotaka mama huyu ni kibali cha kujenga mgahawa wa matofali, basi. Ombi lake la kwanza liliingia kwenye kabati la ofisi ya vibali likanyamaza. Kila alipofuatilia, na mkungu wa ndizi kichwani kwa kuwa kwao huendi kwa mtu mikono mitupu, aliambiwa njoo kesho.

Sasa maombi yamehamia kwenye simu. Ombi lako linaonekana kwenye ramani, kila mtu analiona, na jirani mwenye pingamizi anaandika hapo hapo. Tupokigwe akajaza. Alipofika pa kubonyeza kuonyesha kiwanja, akakwama: kwake, katikati ya migomba, mtandao haushiki. Unashika wapi? Kanisani, mbele kabisa karibu na madhabahu, nani asiyejua? Akaenda, akabonyeza, akamshukuru Mungu palepale.

Kesho yake, mama yangu wee! Mapingamizi yakamiminika: wazee wa kanisa, kwaya, hata shangazi yake. "Tupo, unataka kusonga ugali madhabahuni?"

Mchana akaja kiwanjani Winfrida, afisa wa vibali, na mabuti yake. Nyuma yake Mchungaji Ambindwile na nusu ya usharika, wamenuna. Tupokigwe akajisemea, basi. Kibali ndiyo kimekwenda hivyo.

"Mama, ramani huchukua pale uliposimama. Ulibonyezea wapi?" Winfrida aliuliza.

"Penye mtandao, mwanangu. Ningebonyezea wapi tena?"

Winfrida alicheka mpaka mwavuli ukamponyoka. Walionuna nao wakashindwa kujizuia. Akapima kiwanja kwa kifaa chake, kisha akasema, "Haya, futeni mapingamizi yenu, nami nitoe kibali leo."

Wakatoa simu, wakatazamana. Mtandao hakuna! Ikabidi msafara mzima uende kanisani, wakajibana mbele ya madhabahu wakifuta mmoja mmoja. Tupokigwe akaanza kulia.

"Unalia nini tena, na sisi tunafuta?" Mchungaji alishangaa.

"Ndaga fijo, Baba Mchungaji, asanteni sana. Ombi lile la kwanza lilikaa kabatini mwaka mzima, hakuna hata mtu mmoja aliyeliona, sembuse kulipinga."

Simu yake ikalia mkononi. Kibali kilikuwa kimeingia.