Maji Kabla ya Kuhesabu

Daktari Twilumba ananidunga sindano ya usingizi ili kichwa changu kipigwe picha, na huku ananiambia, Mngoni, ukifika huko usianzishe vita, nami namjibu, Mhehe, ukibaki hapa usimle mbwa wa mlinzi. Tunacheka. Makabila yetu yanataniana, naye ni mtani wangu tangu chuo. Nikiamka atanitia kichwani zile chembe zake, ndogo kuliko vumbi, zibebe dawa mpaka kwenye uvimbe. Amezijaribu maabara, kwenye seli za ubongo wa binadamu. Seli hazikufa hata moja, ameniapia, na mimi dunia imenipiga vibao vingi lakini kiapo cha mtani bado nakiamini.

Basi nazama, na pale ninapozama pana barabara, na barabara inazaa barabara, hadi mji wa kioo ambao chini yake upo mji uleule, miguu juu. Wenyeji ni seli, warefu, vidole vyao matawi, wameshikana mikono nyumba hadi nyumba. Anayenipokea hana uso. Namuuliza, uso umeuweka rehani? Ananijibu, mji huu hauna msiba na nyumba zinabaki tupu, tegua. Nashindwa. Mvua inaanza, mvua ya chembe, tamu mdomoni, na wanaoinywa wanalegea, mikono inaachia, wanaelea barabarani kama maganda ya karanga. Kisha anatokea Twilumba, mkubwa kama kilima, ana ndoo. Anamwaga maji, maji yanawazoa wote walioachia, na yakishapita ndipo anahesabu, anawagusa waliong'ang'ania ukuta, huyu hai, huyu hai, huyu hai. Wote hai, anasema, na kwa hao waliobaki hasemi uongo. Mhehe, nampigia kelele, mtani ana haki ya kunitukana, hata kunicheka jenezani, ila si kunidanganya, na sauti yangu inateleza juu ya kioo, inanirudia mwenyewe, inanichoma masikio, na barabara inajikunja, inanitema kitandani.

Twilumba amesimama kando yangu na sindano nyingine. Mngoni, zamu ya chembe, uko tayari?

Ulimi mzito. Namuuliza, zile seli, unazisuuza kabla ya kuhesabu au baadaye?

Mkono wake unasita hewani. Nani kakuambia tunasuuza?

Najifinya paja chini ya shuka. Nasikia maumivu, lakini hata kule mjini niliumia.