Kidonda Kilichopona Vizuri

Kasiani aliandika tarehe ubaoni, akaifuta, akaiandika tena. Watoto waliinamisha macho kwa kumwonea haya, maana walimpenda. Nilikuwa dirishani. Tangu atoke hospitali nilimsindikiza kila asubuhi, maana mume wangu, aliyewafundisha hesabu vijana wengi wa Temeke, njia ya shule ilikuwa imemtoka kichwani.

Mwalimu mkuu, Albano, akaingia.

"Kasiani, umelewa tena," akasema mbele ya wanafunzi. "Nenda nyumbani. Usirudi."

Waingereza wameondoka zamani, na mimi nimezeeka, lakini neno lile bado nalisikia.

Kasiani hakuwa mlevi. Alikwenda kupasuliwa ngiri, akaniaga akicheka. Kidonda kikaoza. Dresa, msaidizi aliyemfunga kidonda, aliniambia sumu imeingia kwenye damu. Homa ikampanda hadi akawa ananiita kwa jina la mama yake. Padri akaja kumpaka mafuta. Alipozinduka, hakuwa yule. Alisahau chai aliyotoka kuinywa. Alianza maneno, yakamkatikia, akanitazama kama mtu aliyeangusha kitu kisimani.

Siku ile ya kufukuzwa nilimshika mkono, tukatoka shuleni moja kwa moja hadi kwa daktari Mzungu aliyempasua. Akamfunua shati, akabonyeza kovu.

"Kidonda kimepona vizuri sana," akasema kwa Kiswahili chake cha kuamrisha. "Hiyo ingine uvivu tu. Afanye kazi."

"Alikuja hapa na akili zake. Ziko wapi?"

"Mama, usipige kelele."

Nilipiga. Nilipiga hadi wagonjwa wakainuka vitandani, hadi askari wakanikokota nje, kanga ikiburuzika sakafuni.

Nyumbani nilipepeta mchele kwa hasira, punje zikaruka uani kote. Kasiani alikaa barazani. Shule ilikwisha kumtoka akilini, na Albano, na daktari. Lakini uso wangu aliuona.

"Tekla, nani amekuudhi?"

Niliendelea kupepeta.

Akaingia ndani, akatoka amevaa koti lake la kufundishia, vifungo vimepishana.

"Nipeleke kwake," akasema, sauti yake ikiwa ileile ya zamani. "Hawezi mtu kukufanyia hivi na mimi nipo."

Nikaweka ungo chini. Nikamfungua vifungo, nikavifunga upya, kimoja kimoja.