Mstari Mwekundu wa Mama Kinue

Haya, nakutegea wewe uliyekaa hapo, na usimwangalie mwenzako: ananipaka rangi mgongoni, watu wananisifu uso. Mimi ni nani?

Fikiri kwanza. Usiseme ukuta, ukuta ukipakwa nyuma hauonekani mbele. Usiseme bibi harusi, huyo hupakwa uso wenyewe. Umeshindwa? Basi nipe mji. Nipe Kanazawa, nimeutamani siku nyingi kwa ajili ya kaa wao wa majira ya baridi. Umenipa? Asante, nimekwenda Kanazawa, nimekula kaa, nimerudi. Jibu ni picha ya katuni. Nasema zile za zamani, kabla ya kompyuta. Mchoraji alikuwa anachora mistari upande wa mbele wa karatasi ya plastiki nyangavu kama kioo, halafu sisi wapaka rangi tunaigeuza na kupaka nyuma, ili rangi isifunike mistari. Migongo hiyo nimeipaka tangu nilipoacha shule hadi macho yaliponikataa.

Nyumba yetu ya katuni ilikuwa Nerima, juu ya duka la tofu, ile jibini ya maharage. Asubuhi harufu ya maharage yaliyochemshwa ilipanda kwenye ngazi ikakutana na harufu ya rangi, na mpaka leo nikila tofu naona bluu. Hapo ndipo tulipotengeneza *Kinyago cha Mvua*.

Wanaoipenda ile katuni hunijia na maswali. Mbona joho la shujaa wenu, Mtu wa Mvua, lina rangi ya biringanya? Wengine wameandika kwamba ni rangi ya msiba, wengine kwamba ni rangi ya wafalme. Wanangu, lilikuwa na rangi ya biringanya kwa sababu tulibakiwa na makopo tele kutoka katuni ya watoto iliyohusu biringanya. Na ile mvua iliyowatia baridi mpaka mkajifunika blanketi, ilikuwa maharage makavu yakizungushwa kwenye ungo. Nikiwaambia hucheka. Lakini liko jambo moja la katuni ile ambalo nikilisema hakuna anayecheka, na mimi mwenyewe husisimka mikono.

Kwanza hadithi yenyewe, kwa ambaye hakuiona. Mtu wa Mvua alivaa kinyago, akatokea mvua inaponyesha tu, akapigana na waonevu kwa upanga, mvua ikikatika hayupo. Sasa, juu kwenye njia ya mlimani alikuwapo mama mmoja, O-Tami, muuza tambi, anamngoja mwanawe Isaku aliyeshuka mlima na upanga kiunoni asirudi. Na upanga aliokuwa nao Mtu wa Mvua ulikuwa ule ule wa Isaku. Basi watoto wa nchi nzima wakawa wanagombana shuleni. Huyu ni Isaku mwenyewe? Au ni yule aliyemuua Isaku akachukua upanga wake?

Aliyejua ni mmoja, Bwana Tatsukawa, mwongozaji na mtunzi wetu. Mwembamba kama kijiti cha kulia chakula, sigara mdomoni bila moto. Tulimjaribu kwa pombe. Alikunywa yote, akashukuru, akalala.

Sauti ya O-Tami ilikuwa ya Mama Kinue Sugimori. Alikulia katika kikundi cha maigizo cha kuhamahama, na sauti yake ilikuwa kama chungu kilichopikiwa miaka mingi, hata ukiweka maji matupu yanatoka na ladha. Mimi alinijua kwa sababu ya maandazi.

Nieleze hapo. Waigizaji walirekodi sauti wakiitazama filamu ukutani. Lakini sisi tulikuwa wachelewaji, na filamu ilifika picha nyingine hazijachorwa. Pasipo na picha tulipiga mstari wa rangi kwenye weupe mtupu, kila mhusika na rangi yake. Mtu wa Mvua bluu, O-Tami mwekundu. Mstari wako ukitokea, unasema, ukitoweka, unanyamaza. Sheria ya chumba kile ilikuwa moja: mstari wako ukiwapo, nawe uwepo. Na kwa aibu ya kuwapa watu wazima mistari badala ya picha, nyumba yetu ilinituma mimi na sanduku la maandazi ya maharage matamu, niiname mlangoni, niombe radhi. Waigizaji wakawa wanasoma ukubwa wa sanduku. Dogo, picha chache zimekosekana. La orofa mbili, nusu ya filamu ni nyeupe.

Siku ya kurekodi sehemu ya mwisho ilikuwa asubuhi ya Juni, mvua inamwagika.

“Fumie,” Mama Kinue aliniita nilipofungua mlango, “mbona leo unatembea kama mwenye mimba? Umebeba la orofa ngapi?”

“La orofa tatu, Mama.”

“Maskini sisi! Hamkuchora hata jicho?”

“Hata ukope, Mama.”

Waigizaji wakacheka, wakalivamia sanduku. Yeye hakula. Alimwendea Bwana Tatsukawa.

“Mwongozaji, mimi si mtoto wa kufichwa peremende. Hapa pameandikwa, ‘Mama anamwona aliyevaa kinyago mlangoni. Anaita jina la mwanawe. Analia.’ Nikimwona mwanangu nina kilio chake. Nikimwona aliyemuua mwanangu nina kilio kingine. Chini ya kinyago kuna nani?”

“O-Tami naye hajui, Mama.”

“Hajui kwa sababu wewe hujamwambia!”

Wote wakacheka, isipokuwa yeye, na isipokuwa Bwana Minegishi. Huyu alikuwa mtu wa kituo cha televisheni, na nyuma yake, kwenye benchi la ukumbini, alikuwa amemleta mwigizaji msichana mwenye karatasi zile zile za O-Tami mapajani. Tuliokuwa pale tulielewa. Mama Kinue alikuwa amezeeka. Majuma ya nyuma sauti ilimkatika mara kwa mara, na kituo kilikuwa kimechoka kungoja.

Wakajaribu. Mara ya kwanza alilia kwa furaha, akasikika kama aliyeshinda bahati nasibu sokoni. Mara ya pili alilia kwa chuki, akasikika kama anayefukuza paka jikoni. Alijua mwenyewe. Alisimama akiitazama karatasi yake kama imeandikwa kwa lugha ya watu wengine.

“Kilio hakina mwenyewe,” alisema Bwana Minegishi, na hakusema kwa ubaya. “Turekodi mara moja, Mama. Isipokaa sawa, tutakushukuru kwa kazi yako yote, na binti yule atamalizia hapo palipobaki.”

Hapo palipobaki! Mtu umebeba ujauzito mpaka mlango wa mkunga, ndipo uambiwe mwingine atazaa. Na mwigizaji mzee akishatolewa kwenye kazi, nani atamwita tena?

Mama Kinue aliinama. “Mara moja inatosha,” alisema.

Taa zikazimwa, filamu ikaanza. Weupe. Ukatokea mstari wa bluu, na bwana mmoja mkubwa wa mwili aliyeigiza Mtu wa Mvua akapumua kwa kuchoka, maana hilo tu ndilo lililokuwa lake. Bluu ikaondoka. Ukaja mwekundu.

“Isaku,” alisema Mama Kinue.

Hakulia. Alilitamka jina lile polepole, kama unavyoita mtu gizani usijue ni nani. Nikajua sasa atalia, maana mstari uliandaliwa urefu wa kilio kimoja. Hakulia. Na mstari ukabaki pale pale. Niliona fundi wa sauti nyuma ya kioo akiangalia karatasi yake, halafu ukuta, halafu karatasi. Mstari haukuondoka. Hakukuwa tena na neno la kusema lililoandikwa, na sheria ni ile ile: mstari wako ukiwapo, nawe uwepo.

Mkono wa Mama Kinue wenye karatasi ukashuka.

“Umekula?” aliuliza.

Mstari bado upo.

“Miguu yako imelowa yote. Usisimame hapo mlangoni, mvua inakupiga. Ingia. Hivyo viatu viache tu, nitavikausha.”

Bado upo.

“Mchuzi uko motoni. Nitakutilia vitunguu vingi.”

Kisha akanyamaza, na katika kunyamaza kule tukamsikia akipuliza. Taratibu, kama mtu anayepoza mchuzi wa mtu mwingine. Hapakuwa na bakuli. Palikuwa na ukuta mweupe na mstari mwekundu, lakini nakuambia mimi niliuona mvuke. Nilimwona aliyesimama pale mlangoni na maji yakimchuruzika, na nikataka aingie, awe nani awe.

Mstari ukatoweka.

Taa zikawashwa. Yule bwana mkubwa wa Mtu wa Mvua alikuwa amevua miwani, anajifuta kwa tai yake. Bwana Minegishi alikuwa na andazi mdomoni, halitafunwi wala halitoki. Fundi akasema kwenye spika, kwa sauti ndogo kama yuko hekaluni, “Tumeshika yote.”

Bwana Tatsukawa alitoka nyuma ya kioo, akaenda moja kwa moja kwenye simu, akawapigia wapiga picha waliotupigia ile filamu.

“Hatano? Mstari mwekundu wa mwisho ulikuwa wa urefu gani?”

Simu za zamani zilipiga kelele, tukasikia wote.

“Wa kilio kimoja, bwana, kama ulivyoagiza.”

“Ulilala?”

“Nilifumba macho kidogo tu.”

“Na mguu?”

“Mguu…” alisema Hatano. “Mguu haukulala, bwana. Ulibaki kwenye pedali ya kamera.”

Kamera iliendelea kuupiga mstari ule mwekundu huku mwenyewe akikoroma. Basi! Watu walicheka mpaka wakashika ukuta, kile kicheko cha kutoa machozi.

Bwana Minegishi alimeza andazi lake. “Ni nzuri mno,” alisema. “Lakini hii ni katuni ya mapigano, na hapo yapo mapigano ya mwisho. Tubakize ‘Isaku’, mengine tuyakate, na kilio atie binti.”

“Ukikata hapo, futa na jina langu,” alisema Bwana Tatsukawa.

Wakati wanatazamana, yule msichana alikuwa ameingia. Sijui alisikilizia wapi. Alimwendea Mama Kinue, akainama mpaka nywele zikagusa magoti. Akafunga karatasi zake kwenye kitambaa, akachukua mwavuli wake akaondoka. Bwana Minegishi aliutazama mlango, kisha akavuta kiti akakaa. “Haya,” alisema, “mwacheni mama na mgeni wake.”

Ndipo Mama Kinue akageuka. Aliegemea bega langu, nikamshika kiwiko.

“Sasa niambie, mwongozaji. Nimemkaribisha nani?”

Bwana Tatsukawa alifungua mdomo. Sigara ikaanguka. Aliinama kuiokota, akakaa kule chini muda mrefu kuliko inavyohitaji kuokota sigara, na alipoinuka alisema, “Tukachore kwanza.” Akatoka mbio mvuani bila mwavuli.

Tukachora. Siku zilikuwa chache na mapigano yote ya mwisho aliyachana. Tulichora kizingiti cha mbao, miguu miwili iliyolowa, maji yakidondoka kwenye ubao. Bakuli linafuka moshi. Upanga unalazwa chini. Mkono unapanda kushika kinyago, na hapo katuni inaisha. Matone yale niliyapaka mimi, nyeupe yenye kivuli cha bluu, na nilipokuwa nikipaka nilisikia sauti yake kichwani, nikashindwa kuyaharakisha.

Jumamosi jioni ilipoonyeshwa, mke wa muuza tofu alitoka na mikono inayochuruzika maji ili aione kwenye televisheni yetu. Mtaa mzima ulinyamaza. Wavulana waliongojea panga walikaa wamekunja nyuso, halafu nyuso zikakunjuka zenyewe, na hakuna aliyeulizia panga.

Tangu hapo watu wameandika sana. Mbona miguu tu? Mbona kimya kirefu hivyo? Maprofesa wamesema ni falsafa. Hawajui mguu wa Hatano. Nami nikifikiria, sioni aibu kuwaambia, maana kwangu jambo lenyewe halipungui. Uzembe ulifungua mlango, ndiyo, lakini aliyejua la kusema kwa mtu aliyesimama mlangoni ni Mama Kinue.

Miaka ilipita mingi. Wapenzi wa katuni ile walitukusanya ukumbini huko Nakano, sisi wazee tuliobaki. Hatano alikuja na bakora, mguu ule ule unamuuma, watu wakapiga picha naye. Kijana mmoja akasimama kuuliza swali ambalo wote huuliza, chini ya kinyago alikuwa nani, na Bwana Tatsukawa, nywele nyeupe pe, akatabasamu kama alivyotabasamu miaka yote, akasema kila mtu amwone anayemwona.

Mama Kinue alikuwa ameketi kando yangu. Alininyang'anya maikrofoni.

“Mwongozaji, vijana hawa wana muda wa kukisia,” alisema, na chungu kile bado kilikuwa na ladha. “Mimi sina. Nilikuuliza nikiwa nimesimama kwa shida, ukanikimbia mvuani. Nilimkaribisha nani?”

Bwana Tatsukawa aliinuka kwenye kiti. Alimwinamia, akakaa vile kitambo, na aliposimama wima hakuwa anatabasamu.

“Uliposimama mbele ya maikrofoni, Mama, alikuwa yule aliyemuua mwanao,” alisema. “Nilimtunga hivyo tangu sehemu ya kwanza, na nilikuwa na uhakika. Halafu ukampoza mchuzi. Nilipotoka mle chumbani nikawa nakimbia kwenye mvua nalia kama mtoto, kwa sababu nilikuwa nimeshajua kwamba ni Isaku.”