Vitone Pembeni mwa Mstari

Walimpa saa moja na kalamu isiyo yake.

Mchoraji aliketi mbele ya tableti mpya ya ofisi, kioo chake kikimeta kama sahani iliyotoka kuoshwa. Mkurugenzi wa shirika la uchapishaji, mama wa makamo, alimwambia kwa upole uliomtisha kuliko makelele, "Chora ukurasa wowote wa kitabu chako. Hapa hapa, sote tukiona."

Kitabu chenyewe kilikuwa cha watoto, kurasa arobaini, kisa cha punda aliyegoma kubeba mizigo. Alikichora kwa miezi saba, kila unywele wa punda yule kwa mkono wake, kwa kalamu ya plastiki juu ya kioo. Sasa kilikuwa tayari kwenda mitamboni, na ofisi nzima ilikuwa inasema hakuchora yeye. Eti aliiandikia akili bandia maneno mawili matatu, ikamtemea picha, naye akatia jina lake chini. Akishindwa leo, kitabu kinafutwa, na barua inakwenda kwa wachapishaji wengine wote kwamba huyu ni tapeli, asipewe kazi. Baada ya hapo hata picha ya dawa ya mende hakuna ambaye angempa achore.

Na aliyemponza alikuwa ameketi kwenye kiti cha pembeni, kofia magotini. Ni baba yake mzazi.

Mtaa mzima ulimwita Mzee Herufi. Alikuwa fundi wa kuandika vibao vya maduka, miaka arobaini na ushei ya brashi na makopo ya rangi, na mdomo wake haukuwa na breki. Tangu mwaka juzi mzee alikuwa na utani mmoja tu juu ya tableti ya binti yake, na aliusema harusini, aliusema msibani: "Huyu hachori. Kompyuta ndiyo inachora, yeye anashika kijiti." Watu walicheka, binti akacheka nao shingo upande. Wiki tatu zilizopita mzee akamwambia utani ule mteja aliyeleta gari liandikwe herufi mlangoni. Mteja hakucheka. Kumbe alikuwa karani wa shirika la uchapishaji.

Karani huyo naye alikuwepo, amekaa karibu na mlango, anakagua kucha zake. Mkurugenzi ndiye aliyetaka mzee aitwe pia, maana hakupenda kuhukumu mtu kwa maneno ya kupokea. Baba na binti walikuja kila mtu kwa njia yake. Siku ya nane hiyo, tangu tuhuma zimfikie binti, walikuwa hawasemeshani, ingawa wanaishi nyumba moja. Binti alikuwa akimtengea baba chai mezani, kisha anaondoka.

"Tuanze na mafaili," alisema mtaalamu wa kompyuta wa ofisi, mwanamume mwembamba aliyelipenda neno lake moja kupita kiasi. "Kitaalamu, anayechora kwa mkono huwa na matabaka. Mchoro wa awali tabaka lake, wino tabaka lake, rangi tabaka lake. Wewe kila ukurasa una tabaka moja tu. Kama picha iliyoshuka kutoka mbinguni."

"Kompyuta yangu imezeeka. Nikiweka matabaka matatu inaganda," mchoraji alijibu. "Na mimi nilifundishwa kuandika vibao, kwenye ubao. Ubao ni mmoja. Ukikosea, unakwangua unaanza tena." Hakumtazama baba yake, aliyemfundisha.

"Haya. Na hivi je?"

Mtaalamu akawasha projekta, na sikio la punda likajaa ukutani. Alilikuza, akalikuza tena, mpaka mstari mweusi wa sikio ukawa mnene kama mkono wa mtu. Chini yake, upande wa kulia, kulikuwa na vitone. Vilikuwa hafifu mno, vimefuatana, vinapinda kila mahali mstari ulipopinda.

"Viko kurasa zote arobaini," alisema. "Kitaalamu, huu ni uchafu unaoachwa na programu zinazochora zenyewe. Mkono wa mtu hauachi kitu kama hiki."

Mchoraji hakuwahi kuviona vitone vile maishani mwake. Kwa dakika nzima alijishuku yeye mwenyewe, akajiuliza kama kweli kuna kitu ndani ya mashine yake kilichokuwa kikimsaidia bila yeye kujua.

"Saa moja yako inaanza," alisema mkurugenzi.

"Ila tafadhali," mtaalamu akadakia, "kioo usikiguse kwa vidole. Ni kipya, kinashika mafuta."

Mchoraji akajikaza kisabuni, akanyanyua mkono hewani, akavuta mstari wa kwanza. Ukatetemeka. Akaufuta. Wa pili ukaenda mrama. Akaufuta. Kalamu ilikuwa nyepesi mno, kioo kiliteleza, na kila alichofanya kilionekana ukutani, kikubwa, mbele ya macho makavu ya watu wanne. Ilipotimia nusu saa alikuwa na kitu chenye miguu minne, na mguu mmoja mrefu kuliko wenzake. Karani alikohoa kikohozi cha mtu anayezuia kicheko.

Dakika ya arobaini mkurugenzi alivua miwani. "Dada, kama huwezi, sema tu. Tusipotezeane muda."

Kilichomuuma mchoraji zaidi si karani wala mtaalamu. Ni kwamba baba yake alikuwa pale akiona, na bila shaka moyoni anasema, si niliwaambia? Akageuka amtazame, angalau amwonee hasira usoni.

Mzee hakuwa akitazama ukuta kama wenzake. Alikuwa akiutazama mkono wa binti yake, na midomo ilikuwa inamcheza.

"Kidole!" alifoka.

Karani alishtuka akadondosha simu.

"Mzee, tafadhali," alianza mkurugenzi.

"Kidole chako cha mwisho kiko wapi?" Mzee alikuwa ameshasimama, kofia imeanguka. "Nani alikufundisha kuchora mkono unaning'inia kama nguo kwenye kamba? Kiweke chini!"

"Wamesema nisiguse kioo, Baba." Ndiyo maneno yake ya kwanza kwa baba yake baada ya siku nane.

"Kioo kitafutwa na kitambaa! Weka kidole!"

Mchoraji alikuwa na miaka sita alipoambiwa hivyo mara ya kwanza. Mzee alikuwa akimgonga kidole kidogo kwa mpini wa brashi kila alipokiinua. Kidole kile kinakaa kwenye ubao, kinabeba mkono wote, nao mkono unakizunguka, ndipo herufi inatoka imenyooka. Alikua, akaacha mbao, akahamia kwenye kioo, na kidole kikahama naye bila yeye kukumbuka kwamba anacho.

Akakiweka.

Mkono ukatulia pale pale. Mstari wa mgongo ukatoka mara moja, mrefu, hautetemeki. Shingo ikafuata, kisha paji la uso, kisha jicho moja lenye dharau, ambalo watoto wangelipenda. Akasahau kuna watu. Alikuwa amelimaliza sikio la kushoto mtaalamu aliposema kwa sauti nyingine kabisa, "Subiri. Usichore tena."

Akalikuza sikio lile. Akaweka lile la kitabuni ubavuni mwake.

Chini ya mstari mpya, upande wa kulia, kulikuwa na vitone. Vilikuwa hafifu, vimefuatana, vinapinda mstari ulipopinda. Kioo kile, kama cha kwake nyumbani, kilisoma kalamu, na kilisoma kidole pia, na popote kidole kilipojikokota nyuma ya kalamu kiliacha alama yake.

"Kitaalamu..." alisema mtaalamu, akaketi.

Mkurugenzi alivaa miwani yake tena, akamgeukia Mzee Herufi. "Mzee wangu, sasa mimi sielewi. Karani wetu alikusikia kwa masikio yake. Ulisema binti yako hachori, au hukusema?"

"Nilisema."

"Kwa nini? Na ulijua anachora?"

Mchoraji alisubiri utani. Mzee aliinama akaokota kofia, akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo.

"Sikujua. Leo ndiyo mara ya kwanza namkalia nikamtazama." Akaizungusha kofia mikononi. "Kibao cha duka la dawa pale kona nilikiandika mimi. Miaka kumi na tisa, kila mwaka nakirudishia rangi. Mwaka juzi nikaenda na kopo langu, nikakuta kimeshushwa. Kimewekwa cha plastiki, kinawaka taa. Kizuri, siwezi kusema uongo. Nikasogea nisome kule chini, pale fundi anapoweka jina. Nikakuta jina la mwanangu."

Mchoraji aliinamisha macho kwenye kalamu. Aliijua kazi ile, na kibao cha zamani alijua ni cha nani. Alijiambia baba amezeeka, asipande tena ngazi, na kwamba si yeye basi mwingine angekichora. Hakumwambia. Na baba hakuuliza, akaanza tu ule utani wake mbele za watu.

"Kitabu kiende mitamboni kesho," mkurugenzi alisema hatimaye. Karani alikuwa ameshatoka. Mtaalamu akanong'ona kwamba vile vitone vinaweza kusafishwa, nusu saa tu, na mchoraji akamwambia aviache.

Alianza kuirudisha kalamu kwenye kasha lake.

"Punda hujammaliza," alisema mzee.

"Wameridhika, Baba."

"Mimi sijaridhika. Sikio la pili liko wapi?" Akavuta kiti mpaka kikagusana na cha binti yake, akaketi karibu na kioo.

Mchoraji aliitoa kalamu tena. "Ningekuuliza kwanza, Baba. Kile kibao."

"Ungeniuliza ningekataa," alisema mzee, macho kwenye kioo. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Lakini ungeniuliza."

Binti akaweka kidole chini, akaanza sikio la pili, na baba yake akatazama mpaka mwisho.